Fataki tupige picha, lakini kambini zisiletwe

Wiki hii kikundi chetu hakijakubaliana, na tumeona ni afadhali tulete maneno haya hadharani kuliko kuendelea kununiana.

Jambo lenyewe ni fataki, zile baruti za rangi zinazorushwa angani usiku wa mwaka mpya. Wengine hapa Nakivale tunaziita fayawaksi. Sasa tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, inakaribia, na kuna watu wamependekeza kwamba mwaka huu giza likiingia zirushwe fataki pale Base Camp ili watoto nao waone. Wenye pendekezo hili si watu wabaya. Baadhi yao ni sisi. Tena tuseme ukweli kuanzia mwanzo: wazo hili lilitoka kwenye picha zetu wenyewe.

Mwaka mpya uliopita wanne kati yetu tulisafiri mpaka Kampala. Kaka wa mmoja wetu anaishi Kansanga, akatupa sehemu ya kulala. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea nchini, na hilo ni la kushukuru, maana ndugu zetu wa Nyarugusu kule Tanzania hawatoki kambini bila kibali, na wa Kakuma kule Kenya nao lazima waombe karatasi kwanza. Sisi tulipanda basi Mbarara asubuhi, jioni tukawa mjini. Tulikuwa na kamera moja ya zamani, simu tatu, na kifuko cha kitambaa chenye mchanga kama kilo mbili. Huo mchanga tutaueleza huko chini.

Tulipanda kilima cha Makindye. Mnaoifahamu Kampala mnajua kwamba ni mji wa vilima, ukisimama juu ya kimoja unaviona vingine. Kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza sehemu zilizopewa ruhusa ya kurusha fataki, na sehemu hizo ni nyingi, hoteli, makanisa, kumbi za starehe. Kwa hiyo ikifika saa sita usiku fataki hazitoki sehemu moja. Zinatoka kila upande. Muyenga zinapanda, Nsambya zinapanda, huko mbali Kololo zinapanda, na katikati taa za mji wote. Hatukuwahi kuona kitu kama kile. Kamera ilikuwa tayari, tumeilaza juu ya ukuta mfupi wa mtu, juu ya kile kifuko cha mchanga. Tulipiga picha 41. Kati ya hizo, tatu zilitoka vizuri kabisa, na moja ndiyo ile mliyoiona hapa mwezi wa kwanza, yenye mti mweusi upande wa kushoto na maua mekundu na ya kijani juu ya mji. Watu wengi waliipenda kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka.

Lakini kuna kitu hatukuwaambia siku ile.

Fataki ya kwanza ilipolipuka, mmoja wetu hakuwa amesimama tena. Alikuwa amelala ndani ya mtaro wa barabara, kifua chini, mkono mmoja juu ya kichwa. Huyu ni kijana mzima, mcheshi, ndiye aliyetuhimiza twende Kampala. Anatoka Rutshuru. Ametukubalia tuandike haya bila jina lake. Simu yake ilikuwa tayari inarekodi video, na iliendelea kurekodi nyasi na giza. Tulipoisikiliza baadaye, unasikia milipuko, unasikia watu wa mtaani wanashangilia, na karibu kabisa na simu unasikia mtu anahema na kuuliza kwa sauti ndogo: "Balisha fika? Balisha fika?"

Sisi wa Kivu hatuhitaji kutafsiriwa. Kwa wengine, maana yake ni: wameshafika?

Tulimwinua, tukamfuta vumbi, akacheka, tukacheka. Tukaendelea kupiga picha. Na tulipoweka ile picha hapa hatukusema lolote kuhusu mtaro. Tuliandika tu heri ya mwaka mpya.

Kosa la pili tulilifanya siku ile ile. Pamoja na picha tuliweka pia video ya simu nyingine, ya dakika mbili, yenye sauti. Kesho yake kijana mmoja alikuwa anaiangalia kibandani pale New Congo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mama anayeuza mihogo jirani aliacha beseni lake akakimbia kutafuta wajukuu. Hakuwa ameona simu. Alisikia tu.

Tulikwenda kumwomba radhi. Tulitegemea matusi, na tungestahili. Alitukaribisha, akasema tumwonyeshe hicho kitu. Tukamwonyesha video bila sauti, hakutaka kuimaliza. Tukamwonyesha picha. Aliishika simu muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akauliza hizo taa za chini ni nyumba za watu? Tukamwambia ndiyo mama, ni Kampala. Akasema: "Hii iko muzuri. Ile ya makelele muifute."

Tuliifuta jioni ile. Na maoni yetu yote leo yametoka kwenye sentensi hiyo ya mama. Tunasema fataki tuendelee kuzipiga picha, na tujifunze kuzipiga vizuri zaidi, lakini kuzirusha hapa kambini tusikubali.

Sababu ya kwanza ni masikio yetu. Mwanga unafika machoni hapo hapo, lakini sauti inatembea kama mita 340 tu kwa sekunde. Ukiona mwanga ukahesabu mpaka tatu ndipo ukasikia mlipuko, basi kitu kiko karibu kilomita moja. Wengi wetu hatukujifunza hesabu hii shuleni. Tuliifundishwa na wazazi, tukiwa chini ya kitanda: hesabu, mwanangu, ukifika kumi bado tuna muda wa kufunga mizigo. Pale Makindye, watatu tuliobaki tumesimama tuligundua kwamba sote tulikuwa tunahesabu, kila mmoja kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuna aliyetuambia tuhesabu. Na hiyo ni sisi tuliojua saa, tuliojua sehemu, tuliosafiri siku nzima kwa ajili ya kuzisikia. Je, bibi aliyelala Rubondo au Juru asiyejua lolote kuhusu sherehe? Na wale waliofika baada ya Goma kuingiliwa Januari 2025, ambao bado hawajamaliza hata mwaka wa pili bila kusikia risasi?

Wengine wanasema: basi tutangaze mapema, watu wajiandae. Kutangaza ni lazima, lakini hakutoshi. Yule mwenzetu alikuwa anajua. Alikuwa ameshika simu, anasubiri, anahesabu dakika pamoja na sisi. Kichwa kilijua, lakini mwili ulikwenda mtaroni wenyewe.

Wengine wamesema pia: mbona ngoma za Warundi zinapigwa kila sherehe, nazo zina kelele? Swali zuri. Ngoma nayo ina kelele, lakini ngoma unamwona anayeipiga. Unamwona akiinua fimbo, unamjua ni mtoto wa nani. Mlipuko unaotoka gizani hauna mtu.

Sababu ya pili ni moto. Fataki inaanguka ikiwa bado na makaa. Kampala inaangukia lami na mabati. Hapa kwetu kuna nyumba bado ni miti na turubai, na tarehe 20 Juni mvua zimeshaondoka, nyasi zimekauka. Gari la zima moto litatoka Mbarara. Hesabuni wenyewe hizo kilomita na hiyo barabara.

Sababu ya tatu ni msongamano. Usiku wa kuamkia 2023, kwenye jengo moja la maduka njia ya kwenda Entebbe, watu walikimbilia kuona fataki wakabanana kwenye njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walikufa, wengi wao watoto na vijana. Fataki hazikumgusa hata mmoja. Walikufa kwa kubanwa. Hapa Base Camp mkisema kuna kitu cha bure cha kuona, mnajua watoto wangapi watakuja, na mnajua njia za kutokea ziko ngapi.

Sasa tuje kwa upande mwingine, maana hapa wengine watafikiri tunataka picha za fataki nazo zifutwe. Hapana, na hapa tunazungumza na nyinyi ndugu zetu wa mashirika.

Baada ya ile picha, mfanyakazi mmoja, mtu mwema anayetusaidia sana, alituita pembeni. Alisema picha ni nzuri lakini tuwe waangalifu, wafadhili wakiona vijana wa kambi wako Kampala wanaangalia fataki watasema hawa hawana shida. Tena wakati huu ambapo chakula kimepunguzwa. Hatumlaumu. Tunajua anatoka kwenye mikutano ambayo sisi hatuingii. Tangu 2023 WFP ilipogawa watu katika makundi matatu, kila mtu anaogopa kuonekana ana nafuu. Hata kununua shati jipya unafikiri mara mbili.

Lakini tulijiuliza: picha zipi basi tuzipige? Foleni ya unga tumeipiga. Watoto na madumu ya maji tumewapiga mpaka wanajua kusimama. Hizo picha ni za kweli na tutaendelea kuzipiga, kazi hiyo lazima ifanyike. Lakini mkimbizi kuangalia juu usiku mmoja kwa mwaka si uongo. Nauli tulichangishana miezi minne, mmoja aliuza kuku wawili. Kama mfadhili akiona maua angani akasahau njaa ya watu, kosa ni la picha au ni la macho yake? Tunawaomba mtutetee huko mikutanoni badala ya kutuambia tujifiche. Mtu mwenye njaa naye anapenda kitu kizuri. Pengine anakipenda zaidi.

Na kuna jambo lingine ambalo picha inafanya. Yule mwenzetu wa mtaroni sasa ndiye anayeshika kamera. Alisema mwenyewe: akiwa nyuma ya kamera ana kazi ya kufanya. Anafungua, anahesabu mpaka tatu, anafunga. Ni hesabu ile ile ya chini ya kitanda, lakini safari hii anaihesabu yeye kwa shughuli yake. Hatusemi amepona, sisi si madaktari, na mwenye usingizi mbaya tunamwomba aende kwa washauri pale kituo cha afya. Tunasema tu tulichokiona. Mwezi wa tatu kulikuwa na radi kubwa juu ya ziwa, tukamkuta nje anapiga picha.

Basi kwa wanaotaka kujifunza, tuseme kidogo namna tunavyofanya, maana maswali yalikuwa mengi.

Kwanza sehemu. Fika kabla giza halijaingia, tafuta kilima, na kaa mbali. Kilomita moja au mbili ni afadhali kuliko kusimama chini ya fataki. Ukiwa mbali unapata mji wote kwenye picha, sauti inapungua, na huko hakuna wa kukukanyaga. Picha ya fataki peke yake ni nukta za rangi kwenye weusi, inaweza kuwa popote duniani. Weka mti, paa, mtu amesimama, taa za nyumba.

Pili upepo. Tazama bendera au moshi wa jiko la mtu. Simama upande ambao upepo unatoka, ili moshi wa baruti uende mbali nawe. Picha nzuri ni za dakika ya kwanza, kabla moshi haujajaa. Dakika za mwisho anga lote ni kijivu.

Tatu kutotikisika. Hapo ndipo unaingia mchanga wetu. Miguu mitatu ya kamera ni ghali, lakini kifuko cha mchanga juu ya ukuta au jiwe kinashika kamera, na simu pia, kama mkono wa mtu mzima. Ukishaweka, usibonyeze kwa kidole, tumia kile kisaa cha sekunde mbili, au waya wa masikioni kama simu yako inakubali.

Nne mipangilio. Zima flashi, haifiki popote. Kwenye kamera weka ISO 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, fokasi kwa mkono kwenye taa ya mbali, na mlango wa mwanga uache wazi sekunde 2 mpaka 4. Fungua ukiona ile cheche inapanda, funga ua likishamaliza kufunguka. Ukitaka maua mawili kwenye picha moja, acha wazi, ziba lenzi kwa kipande cha kadibodi nyeusi katikati, kisha ondoa fataki nyingine ikipanda. Kwenye simu, tafuta sehemu iliyoandikwa Pro. Kama haipo, bonyeza na kushikilia taa ya mbali mpaka fokasi ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo, la sivyo rangi zote zitatoka nyeupe. Usikuze picha kwa vidole, inaharibika.

Na rangi zenyewe ni madini. Nyekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, njano ni sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi ya jikoni. Bluu ni shaba, na mafundi wanasema bluu ndiyo ngumu kuliko zote kuipata vizuri. Shaba, ndugu zetu wa Katanga, mkoa uliowahi kuitwa kwa jina hilo hilo. Sisi Wakongo tunachimba vitu ambavyo wengine wanarusha angani. Hilo nalo tulilifikiria pale Makindye.

Tano, na hii kwetu ni sheria sasa: weka picha, usiweke video yenye sauti. Ukitaka kuweka video, ondoa sauti kabla. Na juu yake andika wazi kwamba ni fataki. Inachukua sekunde tano tu.

Sasa, tarehe 20 Juni tufanye nini? Pendekezo letu ni hili. Fedha za fataki, ambazo tumeambiwa ni kama shilingi laki sita, zisichomwe kwa dakika tatu. Tukodi projekta na betri ya sola kwa jioni moja. Tutundike shuka nyeupe kubwa. Tuonyeshe picha za fataki za Kampala kubwa kama nyumba, bila mlipuko hata mmoja, na ngoma za Warundi zipigwe mbele, na Wasomali walete nyimbo zao, na sisi wa Kongo mnatujua. Pamoja nazo tuonyeshe picha za hapa hapa, za ziwa, za soko, za watoto. Mtoto aone mwanga wa mji na aone uso wa mama yake kwenye shuka moja. Fedha zitakazobaki zinunue miguu mitatu miwili ya kamera, iwe ya kikundi, kila mwenye simu aruhusiwe kuazima.

Tunajua wapo watakaosema watoto wa kambi wananyimwa kitu ambacho watoto wa mjini wanakipata. Tumelifikiria sana, kwa sababu ni neno linalouma. Lakini mtoto anayetaka kuona fataki zenyewe, siku moja atapanda basi kama sisi, atasimama kilimani kwa hiari yake, na akichoka atarudi ndani. Bibi yake kitandani hana hiari hiyo. Zikilipuka hapa, hana pa kwenda. Alishakimbia mara ya mwisho, na ni hapa alipofika.

Kikao ni Jumamosi saa tisa mchana, sehemu yetu ya siku zote. Walioleta pendekezo la fataki waje, tutawasikiliza vizuri, na tukishindwa kwa hoja tutakubali. Wafanyakazi wa mashirika karibuni, mkae na sisi kwenye mabenchi. Na tafadhali, kila atakayekuja kabla ya Jumamosi aulize mtu mmoja mzima nyumbani kwake swali moja tu: usiku ukisikia mlipuko, unafanya nini? Usimbishie, usimcheke. Njoo na jibu lake.